Kiti Kimoja, Wageni Wawili



Ndugu zangu wasomaji, na hasa nyinyi mama zangu na dada zangu, leo nawaletea habari niliyoificha kwa muda wa miaka mitatu, hata kwa jirani ambaye kuta za nyumba zetu zimeshikana. Ndugu yangu, niliyezaliwa naye tumbo moja, alikuwa mtumiaji wa unga. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala mtaa wetu. Stara ni haki yake, nami nitaichunga. Nakusudia kueleza namna dawa moja inavyofanya kazi mwilini, kwa sababu kutoielewa kwangu kulikaribia kumwua, baada ya dawa hiyo hiyo kumwokoa.

Ilikuwa jioni, baina ya magharibi na isha. Ndugu yangu alikuwa amekaa siku arubaini mbali na nyumbani bila kugusa unga, na sasa alikuwa na majuma mawili tangu arudi. Mama alikuwa akimpikia kila alichokipenda. Uso wake ulikuwa umeanza kujaa, na alfajiri mbili tatu alikuwa ameongozana na majirani kwenda msikitini. Sote tulijua kwamba shari imepita.

Jioni ile alikawia chooni. Nikagonga mlango, kimya. Nikagonga tena, nikasikia mkoromo mzito, kama maji yanayopita kwenye mfereji ulioziba. Tulipovunja komeo tulimkuta ameegemea ukuta, midomo imekuwa rangi ya zambarau, mboni za macho zimekuwa ndogo mfano wa ncha ya sindano. Alivuta pumzi moja, kisha tukangoja. Tukangoja mno. Kisha akavuta nyingine.

Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mama alimmwagia maji baridi huku akisoma. Shangazi alitaka anyweshwe maziwa. Kuna aliyesema apigwe makofi mpaka azinduke. Kijana wa jirani, ambaye siku zote tulimdharau kwa sababu ya marafiki zake, ndiye pekee aliyekuwa na nambari ya mhudumu mmoja anayezunguka maskani za watumiaji. Mhudumu huyo alifika kwa bodaboda upesi kuliko nilivyotarajia. Alimlaza ndugu yangu chali, akaiinua taya yake, akampulizia pumzi kwa kifaa alichokuja nacho. Kisha akavunja kichupa kidogo cha kioo, akavuta dawa kwa sindano na kumdunga kwenye nyama ya paja.

Baada ya dakika chache ndugu yangu alivuta pumzi ndefu na kufumbua macho. Mama alianguka sijida papo hapo. Lakini neno la kwanza lililotoka katika kinywa cha yule aliyerudi halikuwa la shukurani.

"Mumenifanyani?" alifoka. Alitetemeka, akatokwa na jasho, akatapika. Alitutazama kama watu tuliomnyang'anya mali yake.

Mhudumu hakushangaa. Alituambia tumpeleke hospitali. Mama alikataa, kwa kuwa tuna jamaa zetu wanaofanya kazi huko na habari zingeenea kabla ya kucha. Ndugu yangu naye alikataa. Nami nikasema maneno ambayo nayajutia hadi leo: "Si amezinduka, alhamdulillahi? Nitakaa naye mimi." Mhudumu alikuwa ameitwa mahali pengine. Alisimama mlangoni akanitazama. "Dada, masaa mawili mazima usimwache, hata akikutukana. Na akisinzia, niite."

Nilimsikia, ila sikumwelewa. Nilidhani ahofia asitoroke kwenda kununua mwengine. Kwa hiyo nilifunga mlango wa nje, nikatia ufunguo mfukoni, nikakaa naye kiasi cha saa moja. Taratibu alitulia. Jasho likakauka, matusi yakaisha, kichwa kikainama. Niliona ile ni rehema. Nikaondoka kuswali isha na kutia chai moto. Niliporudi, nilisikia tena ule mkoromo wa mfereji ulioziba.

Hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Hakuna unga mpya uliomgusa. Alikuwa akizama kwa ule ule wa magharibi.

Kwa neema ya Mwenyezi Mungu mhudumu alirudi, akamdunga tena, na safari hii hatukumwuliza mtu. Tulimpakia kwenye tuktuk mpaka hospitali, akalazwa chini ya uangalizi usiku kucha. Asubuhi daktari wa zamu, mama wa makamo, aliuliza ni nani aliyekuwa naye nyumbani. Nilisema ni mimi, nikangoja kukemewa. Hakunikemea. Alinivutia kiti cha wageni kilichokuwa kando ya kitanda. "Kaa," aliniambia. "Hicho kiti unachokikalia ndicho habari yenyewe."

Nitajaribu kuwaeleza nilivyoelezwa, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Katika ubongo, katika uti wa mgongo, na hata katika matumbo yetu, juu ya seli za neva, mna vitu vidogo mno vinavyoitwa vipokezi. Jina lenyewe latuonyesha kazi yake: ni mahali pa kumpokelea mgeni. Kila kipokezi ni kama kiti kilichochongwa kwa umbo lake maalumu, wala hakimkubali kila apitaye. Viti vinavyoipokea afyuni na jamaa zake ni vya aina kubwa tatu. Ile iliyo muhimu zaidi kwa kisa chetu wataalamu wameipa herufi ya Kiyunani, mu, kwa ajili ya mofini.

Heroini, ambayo ndiyo unga, ikishaingia mwilini hugeuka upesi ikawa mofini. Mgeni huyu huketi kwenye viti vya mu, na akishaketi hutoa amri. Huiamuru seli ipunguze kazi yake, isipeleke habari za maumivu, itulie. Mtu huona raha na uzito wa usingizi. Lakini viti hivyo vimo pia katika shina la ubongo, anapokaa mlinzi wa pumzi. Kazi ya mlinzi huyu ni kuhisi hewa ya kaboni inapozidi katika damu na kuyaamuru mapafu yavute pumzi, hata tukiwa katika usingizi mzito. Amri ya afyuni ikimfikia kwa wingi, mlinzi husinzia. Hewa chafu yapanda, naye hana habari. Ndiyo sababu anayezidiwa na unga huwa hapigi kelele wala hahangaiki. Husahau tu kupumua, na anayepita mlangoni hudhani amelala.

Dawa aliyodungwa ndugu yangu yaitwa naloksoni. Huyu ndiye mgeni wa pili. Umbo lake lafanana na la mofini, kwa hiyo kiti chamkubali. Tofauti ni kwamba yeye akishaketi hasemi neno. Hatoi amri yoyote, na kiti kimoja hakikaliwi na wawili. Isitoshe, hushikamana na kiti kwa nguvu kumshinda mofini. Wageni hawa hawakai mahali pamoja milele. Kila mara mmoja huinuka na mwingine huketi. Kila anapoinuka mofini, naloksoni humwahi. Kwa dakika chache viti vingi vinakuwa vimekaliwa na mgeni aliye kimya, mlinzi wa pumzi anazinduka, na kifua kinapanda.

Hapo nilimwuliza daktari, "Na ule unga wenyewe wenda wapi?"

"Hauendi popote," alijibu. "Umesimama hapo hapo ukumbini, wangoja kiti."

Ndugu zangu, jibu hili ndilo lililonifanya niandike. Mimi nilidhani dawa imeuua unga, kama sabuni inavyoondoa taka. Kumbe imeutoa kitini tu. Na naloksoni ni mgeni wa muda mfupi. Nguvu yake yadumu kati ya dakika 30 na 90, kisha ini huivunja nayo ikaondoka. Unga ulioingia kwa wingi waweza kubaki katika damu kwa saa kadhaa. Mgeni wa pili akiaga mapema, wa kwanza huketi tena na kurudia amri zake. Ule utulivu niliouona baada ya saa moja, nikaudhania rehema, ulikuwa viti vikirudi kwa mwenyewe. Mhudumu alinitaka nihesabu pumzi. Mimi nililinda mlango.

Daktari alinieleza pia ile hasira. Mtu anapotumia unga siku nyingi, seli zake huzoea kunyamazishwa, nazo hupaza sauti ili zipate kusikika. Ikiwa wanaozinyamazisha wataondolewa vitini wote kwa mara moja, hubaki ile kelele peke yake: jasho, kutapika, maumivu ya viungo, machozi na wahaka. Vijana huiita arosto. Kwa kawaida huja taratibu, baada ya saa nyingi za kukosa. Naloksoni huileta kwa dakika chache. Basi yule aliyetutukana hakuwa mtovu wa shukurani. Mwili wake ulikuwa ukilia kwa sauti moja. Mama alipoelezwa hili alilia upya, kwa kuwa alikuwa amemjibu mwanawe kwa maneno makali.

Swali la mwisho nililomwuliza asubuhi ile lilikuwa la kiasi. Ndugu yangu aliapa kwamba hakuzidisha. Alitumia kadiri aliyoizoea zamani. Daktari alitikisa kichwa. Katika siku zile arubaini, alisema, seli zilikuwa zimeacha mazoea yao ya kupaza sauti. Kadiri ambayo zamani ilimtuliza sasa ilitosha kumzima. Kwa hivyo mtu anayerudi kutoka jela, kutoka hospitali, au kutoka nyumba ya kurekebishia tabia, yumo katika hatari kubwa zaidi pale pale ambapo jamaa zake wanasherehekea. Sisi tulikuwa tukipika pilau huku hatari ikikaa nasi mezani.

Niliporudi nyumbani nilitaka kujua ni nani aliyeviona viti hivi. Afyuni si kitu kigeni kwa tabibu wetu wa kale. Ibn Sina aliiandika katika al-Qanun miongoni mwa dawa za kutuliza maumivu, na alijua kwamba yaweza kuua. Ila kwa karne nyingi hakuna aliyejua inashika wapi mwilini. Mwaka 1973, huko Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa utafiti aitwaye Candace Pert pamoja na mwalimu wake Solomon Snyder walivithibitisha vipokezi hivyo. Waliitia naloksoni alama ya mnururisho, wakaichanganya na tishu za ubongo, kisha wakatazama imeshikamana wapi. Kwa kuwa yashikamana na kiti kwa nguvu, ndiyo iliyokionyesha kiti.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz katika mji wa Aberdeen, Uskoti, walitoa jibu la swali ambalo kila muumini angeliuliza: kwa nini Muumba aweke ndani yetu viti vya kuupokea utomvu wa ua la mbali? Waligundua kwamba mwili hutengeneza dawa yake wenyewe inayokalia viti hivyo. Baadaye zikajulikana nyingine za jamii hiyo. Hutolewa kwa kiasi na kwa wakati wake: tunapoumia, tunapochoka kwa kazi ngumu, na kwa wingi wakati wa uchungu wa kuzaa. Mama zangu mnaojua saa zile mtanielewa. Viti havikuwekwa kwa ajili ya unga. Ni vyetu, vimeandaliwa mgeni wa nyumbani, naye mgeni wa nje amevivamia kwa kuwa umbo lake lafanana.

Jambo moja zaidi la historia lilinikaa moyoni. Naloksoni ilisajiliwa mwaka 1961 na Jack Fishman na Mozes Lewenstein huko Marekani. Mwaka 2003, mtoto wa kambo wa Fishman alifariki kwa kuzidiwa na heroini. Mwanamume ambaye dawa yake imewarudishia wazazi wasiohesabika watoto wao, haikumfaa katika familia yake mwenyewe. Kumbe haitoshi dawa kuwapo duniani. Yatakiwa iwepo mahali mtu anapoanguka, na kando yake awepo mtu anayejua la kufanya. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wale walio karibu na watumiaji, wakiwemo jamaa zao, wafikishiwe dawa hii na wafundishwe kuitumia.

Basi tulipomrudisha nyumbani, mama alikuwa na shauri. "Ikiwa dawa hii yaufungia unga kiti, kwa nini asipewe kila siku, hata akiutumia asione kitu?" Nilimpeleka kwa daktari aulize mwenyewe. Kumbe shauri lake si la kijinga. Dawa ya namna hiyo ipo. Yaitwa naltreksoni, ndugu yake naloksoni, ila yeye ni mgeni wa kimya anayekaa muda mrefu. Tembe moja yaweza kushika viti kwa siku nzima, na iko sindano ya kushika kwa mwezi. Anayeitumia akivuta unga huwa kama amemwaga maji juu ya jiwe.

Lakini ina masharti mawili. La kwanza, mtu lazima awe amekaa siku saba hadi kumi bila unga wala dawa yoyote ya jamii hiyo kabla ya kuianza. Vinginevyo atatupwa katika arosto, nayo haitaondoka kwa saa moja kama ya naloksoni. Mama anayemtilia mwanawe tembe hii kwa siri katika uji, kwa nia njema, aweza kumtia hospitali. La pili, mazoea ya mwili hupungua chini ya ulinzi wake. Siku atakayoiacha na kurudia unga, atakuwa katika hatari ile ile iliyotukuta sisi.

Ndugu yangu hakuweza kukaa siku kumi. Alijaribu mara mbili, mara zote mbili akashindwa siku ya nne. Daktari alimwelekeza kwenye methadoni, huduma ambayo hapa pwani ilianza mwaka 2015, Malindi na Kisauni. Hapo ndipo tulipopata mtihani wa pili, kwani methadoni si mgeni wa kimya. Yeye hukaa kitini na kutoa amri kama mofini, ila hutolewa kwa kipimo, huingia polepole, na hukaa kwa zaidi ya siku. Mtu haruki wala haanguki. Arosto haimfikii, na kiti kikiwa kimekaliwa, unga ukija haupati nafasi kubwa. Mama alisema, "Basi mwamtoa katika haramu moja mwamtia katika nyingine."

Hakuwa na kosa kuuliza. Alikwenda kwa sheikh wetu, nami nikaenda naye. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Akishainywa, hulewa au hutulia? Huweza kuswali akajua anachokisoma? Huweza kufanya kazi? Na ni nani anayempimia?" Tukamjibu kwamba hupimiwa na wahudumu wa afya na huinywa mbele yao kila siku. Akasema kwamba mgonjwa huachiwa tabibu mwaminifu, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kutafuta dawa. Kuhusu saumu alituambia kila mgonjwa amwulize sheikh na daktari wake, na asibadilishe kipimo kwa shauri lake mwenyewe. Mama aliondoka kimya. Kesho yake alimwamsha mwanawe mapema, akamtilia nauli mkononi.

Kabla sijahitimisha, nawausia haya, kama mtu aliyeyanunua kwa bei ghali.

Dalili ni tatu: mtu haamki hata ukimwita na kumsugua kifuani kwa ngumi, pumzi zake ni chache au anakoroma kwa shida, mboni zake zimesinyaa. Midomo na kucha zaweza kugeuka rangi, na kwa mtu mweusi zikaonekana za kijivu. Ukiona haya, ita msaada, kisha mfungulie njia ya hewa na umpulizie pumzi ikiwa unajua namna. Akiwa anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe. Msimnyweshe maziwa wala maji, kwa kuwa yataingia mapafuni. Msimdunge maji ya chumvi. Msimfungie chumbani apumzike.

Akipewa naloksoni, apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anakataa. Ikishindikana kabisa, akaliwe kwa saa kadhaa na mtu ambaye kazi yake ni moja: kutazama kifua. Anaweza kuhitaji kudungwa mara ya pili au ya tatu. Asiende kutafuta unga mwengine ili kutuliza arosto, kwa kuwa atauongeza juu ya ule unaongoja ukumbini. Dawa hii hukalia viti vya afyuni peke yake. Haitamwamsha aliyelewa pombe au aliyemeza tembe za usingizi. Lakini ikiwa hamjui ametumia nini, msiogope apewe, kwani asiye na afyuni mwilini haimdhuru.

Tena, msifikiri kwamba habari hii ni ya nyumba za watumiaji tu. Mofini ya maji anayopewa bibi mwenye saratani, kodini ya kikohozi, tramadoli ya mgongo, zote hukalia viti hivyo hivyo. Kwa mgonjwa aliyepimiwa ni dawa na ni rehema. Kwa mtoto wa miaka mitatu aliyeifungua chupa akidhani ni sharubati ni jambo jingine. Vifungieni. Na nyumba yenye mtu wa methadoni ichunge zaidi, kwa kuwa kiasi kidogo cha mtu mzima chaweza kuizima pumzi ya mtoto.

Kuhusu aibu, sina la kuwafundisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshindwa nayo. Aya ya 32 ya Suratul Maida tumeisikia mara nyingi mimbarini, nasi huitikia kwa vichwa. Usiku ule niliipima nafsi ya ndugu yangu na maneno ya jamaa walioko hospitali, nikachagua kuyaogopa maneno. Habari zikaenea vivyo hivyo. Jirani ambaye kuta zetu zimeshikana alikuja siku ya pili na bakuli la uji wa mtama, akakaa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye ana kijana. Nilimpa nambari ya mhudumu. Kwetu imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo hata mtoto aifikia.

Ndugu yangu sasa ana miezi kumi na mmoja. Kila siku baada ya alfajiri hushika njia kwenda kunywa dawa yake, kisha hupitia kazini. Zimekuwako siku mbili mbaya, nasi tumezijua kwa kuwa yeye mwenyewe alisema. Juzi alinikuta naandika makala haya, akaomba nimsomee. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka pale pa hasira yake, ambapo nilikuwa nimepunguza maneno ili nimstiri.

"Usipunguze," alisema. "Waambie kwamba mtu wao akizinduka atawatukana na kuwafukuza. Waambie wasiondoke."

Nimemwandikia alivyotaka. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie subira ya kukaa kando yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.